Kabla hujang'oa boksi la ekliina kwenye Forester ya tabo

Bomba la alumini, filta ya koni, vipande viwili vya mpira wa silikoni na klipu nne. Ukivipanga sakafuni unaona ni kazi ya saa moja, au moja na nusu ukihesabu na chai. Kwenye Subaru Forester SG5 ya gia za mkono, injini EJ205 ya lita 2.0 yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kazi hiyo ilimeza Jumamosi na Jumapili nzima, kisha zikafuata wiki mbili ambazo gari halikukanyagwa mafuta hadi mwisho hata mara moja. Kufungua nati ndiyo ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote. Haya ni kwa mwenye gari la namna hiyo anayetaka kubadilisha boksi la ekliina, linalochuja hewa ya injini, kwa bomba na filta ya koni, iwe yuko karibu kuagiza au kifurushi kimeshafika na mkono unamwasha.

Elewa kwanza unachokwenda kukigusa. Hewa ikitoka tu kwenye boksi la ekliina inapita kwenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ndani ya sensa kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo cha hewa iliyopita. Kompyuta ya gari ina jedwali: volti kadhaa ni gramu kadhaa za hewa kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo inaamua kiasi cha petroli. Jedwali hilo liliandikwa kwa kipenyo kimoja tu, kile cha kiwandani. Boksi lile jeusi la plastiki unaloliona halina maana ni mzani wa dukani. Ukibadilisha kipenyo umebadilisha jiwe la mzani na mwenye duka hajaambiwa.

Hesabu yake ni nyepesi, ifanye kabla ya kulipia. Eneo la bomba linafuata kipenyo zidisha kipenyo. Chukua mfano wa nyumba ya sensa yenye milimita 65 kwa ndani na bomba jipya la milimita 70. 65 mara 65 ni 4,225, na 70 mara 70 ni 4,900. Hewa ileile sasa inapita mahali papana zaidi, mwendo wake mbele ya sensa unashuka kwa karibu asilimia 14, na kompyuta inaamini hewa imepungua kwa kiasi hicho. Kwa bomba la inchi 3, yaani milimita 76, upungufu unafika asilimia 27. Petroli inapunguzwa kwa kiwango hichohicho wakati hewa haijapungua hata kidogo.

Gari likitembea taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua kosa na kompyuta inaongeza petroli ili kufidia. Ndiyo maana wenye Corolla na Vitz zisizo na tabo mara nyingi hufunga vitu hivi na hawaoni shida kubwa. Kwenye tabo mambo ni mengine. Ukikanyaga hadi chini, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kutegemea jedwali pamoja na masahihisho iliyokwishajifunza. Injini inayotakiwa kupata sehemu moja ya petroli kwa takriban sehemu 11 za hewa wakati tabo inasukuma inapata pungufu. Moto ndani ya silinda unapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na ukingo wa pistoni unaoshika ringi unaweza kukatika. Usitegemee taa ikuonye mapema. Bei ya kufungua EJ205 na kuijenga upya haina uwiano wowote na bei ya bomba.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua venia, kile kipimo cha taya cha milimita, upime kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa kwenye boksi la kiwandani, kisha umwombe muuzaji akupimie bomba lake mahali palepale, kwa ndani. Inchi zilizoandikwa kwenye kasha zisikutoshe, maana mara nyingi ni kipimo cha nje. Kwenye gari hili kosa la kwanza lilikuwa hapo: bomba liliagizwa kwa picha, na venia ilipokuja kutolewa lilikuwa pana kuliko la kiwandani. Kuanzia hapo kazi haikuwa tena ya spana peke yake, ilihitaji na fundi wa kuandika jedwali upya. Kama huna fundi huyo karibu, au fedha yake haipo, tafuta bomba lenye kipenyo cha kiwandani. Hata filta bora tu, inayokaa ndani ya boksi lilelile, si ya kudharauliwa.

Kazi ilianza asubuhi injini ikiwa baridi. Vifaa vinavyohitajika: soketi namba 10 na 12, ekstensheni mbili, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota ya kiwango cha Kijapani, koleo, tochi, vitambaa viwili safi na simu ya kupigia picha. Bisibisi ya Kijapani inaweza kuonekana anasa, lakini skrubu za gari la Kijapani zina mfereji ambao nyota ya kawaida haiujazi vizuri. Ukisukuma inapanda juu na kula kichwa cha skrubu.

Ondoa teminali ya hasi ya betri kwanza. Piga picha kila mpira na kila soketi ya waya kabla ya kugusa, na piga tena kutoka upande wa pili. Boksi la SG5 liko upande wa kulia mbele, upande wa dereva kwa magari yetu. Anza na mdomo wa plastiki unaoleta hewa kutoka mbele, kisha soketi ya waya za MAF. Plastiki ya soketi hiyo ina miaka 20 ya joto. Usivute waya. Bonyeza kidude cha kufungia kwa kidole gumba hadi ndani, sukuma soketi mbele kidogo ili kidude kilegee, ndipo uivute kwa mwili wake. Ikikatika jino lake itakuwa inachomoka kwenye mashimo na gari litazima barabarani.

Skrubu mbili za sensa ndizo zilizochukua nusu saa nzima. Ya kwanza ilitoka. Ya pili, kwa sababu bisibisi ya kawaida ndiyo iliyokuwa mkononi wakati ule, ililika kichwa mzunguko wa kwanza tu. Ilitoka kwa kuibana pembeni kwa koleo la kushikilia na kuizungusha kidogokidogo, huku sensa imefunikwa kitambaa isiingiwe na chembe. Bisibisi sahihi ilinunuliwa mchana wa siku hiyo, ikiwa imechelewa.

Sensa ikishatoka ishike kwa kichwa chake cha plastiki. Usiguse waya wa ndani kwa kidole, pamba wala hewa ya kompresa. Ikiwa chafu, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia MAF, na si ile ya breki wala ya kabureta, kisha iache ikauke yenyewe kabisa kabla ya kurudisha umeme. Tazama ringi ya mpira shingoni mwake. Hii ilikuwa imekauka na kubapa upande mmoja, ikabadilishwa. Ni kitu kidogo kama pete ya mtoto, lakini bila hiyo hewa itapita pembeni bila kupimwa.

Baada ya hapo legeza klipu inayoshika boksi kwenye mpira mkubwa mweusi unaoelekea kwenye tabo, fungua bolti za boksi na ulinyanyue. Mpira mweusi wenyewe uache. Unapita chini ya manifodi ya hewa, na kuung'oa ni kazi nyingine kubwa ambayo bomba hili halihitaji. Ukague tu kwa tochi na vidole, ukiukunja taratibu kutafuta nyufa, kwa sababu mipira hii ikizeeka hupasuka mahali usipopaona.

Sasa mdomo wa mpira uko wazi na unaelekea moja kwa moja kwenye feni ya tabo. Dakika ileile uzibe kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, na ncha yake ining'inie nje. Nati moja ikidondokea humo, usiwashe gari hadi uipate, hata ikibidi kazi ilale hadi kesho. Na kitambaa nacho kihesabu wakati wa kufunga, maana kikisahaulika ndani nacho kitafika kwenye feni.

Kuweka bomba jipya kuna mambo ambayo karatasi ya maelekezo haikuyasema. Mshale ulioandikwa juu ya sensa uelekee injini. Sensa isikae mara tu baada ya kona, kwa sababu hewa inayojikunja inafika kwenye waya kwa kuyumba na kipimo kinayumba nayo. Ingiza bomba kwenye mpira wa silikoni sentimita mbili au tatu kila upande, klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa bomba, wala isiwe juu yake. Usikaze kitu chochote hadi vipande vyote viwe mahali pake, kisha kaza kuanzia upande wa injini kuja mbele. Kaza hadi silikoni ianze tu kuchomoza kwenye nafasi za klipu, halafu acha. Ukiendelea unaikata, na ufa wake uko chini ya klipu ambako macho hayafiki.

Injini hutikisika kwenye mauntingi zake, yaani mipira inayoibeba, mwili wa gari hautikisiki. Bomba likifungwa kwa ugumu pande zote mbili litapasuka au litavunja kishikizo. Hapa kishikizo kilifungwa kwenye mwili wa gari na kipande laini cha silikoni kikaachwa kiwe kiungo upande wa injini. Filta iachiwe nafasi ya vidole viwili kila upande. Kujua kama boneti inaigusa, weka vidonge vya udongo laini wa watoto juu ya filta, funga boneti polepole, fungua, tazama vimebapaje. Chetu kimoja kilibaki unene wa karatasi. Filta ikashushwa kwa kuzungusha bomba kidogo, na klipu zote zikalegezwa upya.

Kosa kubwa la siku lilikuwa kwenye mpira mdogo wa kupumulia injini. EJ205 inatoa mvuke wa oili ndani ya injini na kuurudisha kwenye njia ya hewa, kati ya sensa ya MAF na tabo. Wapo wanaouacha mpira huo ukining'inia hewani, au wanaufungia kafilta kadogo, na tundu upande wa pili likabaki wazi. Tundu lolote kati ya sensa na tabo linanyonya hewa ambayo haijapimwa. Kwenye bomba hili tundu lilikuwepo na mpira uliunganishwa, lakini mdomo wa bomba ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mpira. Kwa macho ulikuwa umekaa sawasawa.

Gari likawashwa saa kumi jioni. Liliwaka mara moja, sauti nzito ya kunyonya hewa ikasikika kutoka kwenye boneti, na kila aliyekuwepo alitabasamu. Furaha hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu gari linaloungua kwa petroli pungufu linawaka vizuri, linavuma vizuri, na kwa muda mfupi hata linavuta vizuri. Baada ya dakika tano sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyagwa mafuta, ikaanza kupanda na kushuka.

Kinachotakiwa hapa ni namba. Uwe na njia ya kusoma kompyuta ya gari kabla hujaanza kufungua, na usome ukiwa bado na boksi la zamani ili uwe na cha kulinganisha. Tahadhari kwa magari yaliyotengenezewa soko la ndani la Japani ya miaka hii: mengi hayaongei na kile kidude cha bei rahisi cha kusomea kompyuta ya gari, ELM327, hata kama tundu la kuchomekea linafanana. Jaribu mapema. Kwenye gari hili kilichofanya kazi ni kebo ya KKL, laptopu na programu ya bure ya RomRaider. Soma safu mbili: sahihisho la mafuta la papo hapo na sahihisho ambalo kompyuta imejifunza. Ukijumlisha zote mbili, ndani ya asilimia 5 juu au chini ni afya njema, hadi 10 inavumilika. Ikizidi hapo upande wa kuongeza, tafuta sababu kabla ya kuendesha. Kompyuta ikichoka kufidia itawasha taa ya injini na msimbo P0171, yaani petroli pungufu. P0102, yaani ishara ya MAF iko chini mno, ukitokea mara tu baada ya kufunga, kwanza kabisa tazama soketi ya MAF kama imeingia hadi mwisho.

Namba za jioni ile zilikuwa zaidi ya asilimia 20, za kuongeza. Gari likazimwa.

Uvujaji ulipatikana kwa moshi. Ubani uliwashwa kwenye chetezo na kusogezwa pembeni mwa kila kiungo injini ikinguruma bila kukanyagwa, mbali na mipira ya petroli na mbali na filta. Moshi ulikuwa unapanda wima kama kawaida, lakini ulipofika kwenye mpira wa kupumulia ukakata kona na kuingia chini ya mpira kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano. Hapo ndipo tuliponyamaza wote. Klipu ndogo iliyokuwa haikununuliwa, ambayo bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, ilikuwa inaingizia injini hewa ya bure. Ilipofungwa, sailensa ikatulia na namba zikashuka hadi 14 hivi, zikagoma hapo. Kilichobaki kilikuwa kipenyo, na kipenyo hakizibwi kwa klipu.

Jumapili ilikuwa ya joto. Filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, na kwenye foleni ya Dar mchana nyuzi 60 chini ya boneti si jambo la ajabu. Intakula, inayopoza hewa iliyotoka kwenye tabo, inarudisha sehemu ya hasara hiyo, si yote. Basi likakatwa bati la alumini la milimita 1.5 kuzunguka filta, kingo zikavalishwa mpira uliopasuliwa katikati ili usikate waya, na mdomo wa plastiki wa kiwandani ukarudishwa uelekeze hewa ya nje ndani ya kizuizi. Fundi wa madirisha alilikunja kwa dakika kumi, kupima kwa maboksi ya karatasi ndiko kulikokula asubuhi. Kipimo cha kujua kama kinafanya kazi ni joto la hewa ambalo sensa ya MAF yenyewe inalisoma. Ukitembea kilomita 60 kwa saa kwa dakika kadhaa, lisizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 10. Kabla ya bati lilizidi, baada ya bati halikuzidi. Kwa maoni yangu kizuizi hiki kina thamani kuliko bomba.

Kisha ikaja ile subira ya wiki mbili ya kumngoja fundi wa jedwali. Gari liliendeshwa taratibu, mguu nusu, tabo isisukume. Ni mtihani, kwa sababu sauti mpya inakuita ukanyage. Ukimtafuta fundi huyo, mwulize kama ana sensa ya oksijeni ya wigo mpana ya kufunga kwenye ekzosi na kama atakuonyesha rekodi ya kugonga kwa injini baada ya kazi. Anayesema atapima kwa sikio, mshukuru na uondoke. Yule aliyefanya kazi hii alisahihisha jedwali la MAF ngazi kwa ngazi hadi masahihisho yakarudi ndani ya asilimia 4, ndipo akagusa upande wa tabo ikisukuma. Nguvu iliyoongezeka kwa bomba peke yake ni ndogo, tena inasikika zaidi ya inavyovuta. Kwa gharama, fundi, kebo, bisibisi, ringi, klipu na bati kwa pamoja vilizidi bei ya kifurushi. Panga bajeti mara mbili tangu mwanzo.

Kuhusu vumbi, usikubali kuambiwa kwamba filta ya pamba ni ya kudumu na basi. Baada ya kilomita 1,000, zaidi kama umepita barabara za vumbi jekundu, legeza klipu, funga kitambaa cheupe kwenye kidole na ufute ndani ya bomba baada ya filta. Kitambaa kikitoka na unga, filta inapitisha, na unga huo ni msasa kwenye feni ya tabo na kwenye silinda. Filta ya pamba inaoshwa, inakauka kivulini, kisha inapakwa oili yake kidogo kwenye mikunjo na kuachwa inywe usiku kucha. Oili ikizidi inapeperushwa hadi kwenye waya wa MAF, vumbi linang'ang'ania hapo, na mzani unaanza tena kudanganya.

Maji nayo. Mdomo wa kiwandani wa SG5 uko juu, na hekima hiyo usiichezee. Mabomba marefu yanayoshusha filta hadi nyuma ya bampa yanapata hewa baridi kweli, lakini mtu anayevuka bonde la Jangwani pale Dar siku ya mvua kubwa hapaswi kuwa nalo. Maji hayabanwi. Silinda ikimeza maji, pistoni inasimama na konrodi, mkono unaoibeba pistoni, inapinda papo hapo.

Boksi la zamani halikutupwa. Liko kwenye kiroba, skrubu na bolti zake kwenye bahasha iliyobandikwa ndani ya mfuniko, na ndani ya bahasha hiyo kuna flashi yenye faili la jedwali la kiwandani, ambalo fundi aliombwa alihifadhi kabla hajaandika jipya. Boksi likirudi peke yake bila jedwali lake, hewa itapita kwenye kipenyo chembamba na kusomwa kuwa nyingi kuliko ilivyo, na petroli itamwagwa hadi ekzosi iwe nyeusi.